Kobe wa Kafara

Chiatura, 4 Machi 1983

Kwa mpwa wangu mpendwa Makvala, ambaye, ingawa ni mwanamke, kwa desturi ya nyumba zetu nina haki ya kumwita "mjomba" kama yeye anavyoniita mimi,

Baada ya salamu zilizo nyingi na za heshima, napenda kukuarifu kwamba sisi huku juu ya genge la mlima tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mkaza mjomba wako Nazibrola analalamikia goti, na mzabibu wa uani tumekwisha kuupogoa. Nina imani kuwa dada yangu, mama yako, anazitumia zile dawa za presha bila kuzificha chini ya mto kama alivyofanya mwaka jana.

Sasa naomba uniruhusu niingie katika kusudi la barua hii.

Mwanangu Jumber, ambaye wewe ulimfundisha sataranji alipokuwa hajui hata kufunga viatu, yuko jeshini katika kambi ambayo hairuhusiwi kutajwa, lakini vumbi lililomo katika bahasha zake linajitaja lenyewe. Kikosi chake kitavuka mto kwenda kusini, vitani, mara mafunzo yatakapokwisha. Unajua, kama kila mzazi wa mtaa wetu ajuavyo, namna baadhi yao wanavyorudi kutoka huko.

Kapteni wake ni mpenda sataranji. Amemwahidi Jumber, mbele ya mashahidi: "Ukinifunga, unakwenda kwa mama yako kula mkate wa jibini, na mwingine atavuka kwa nafasi yako. Nikikufunga mimi, funga mkoba." Mchezo uko katikati. Kapteni amekwenda safari ya kikazi, na ubao umefunikwa kwa karai ofisini kwake mpaka atakaporudi mwanzoni mwa Aprili. Jumber amepata nafasi ya kuuliza, na ameniuliza mimi nikuulize wewe, kwa kuwa barua za kwako Tbilisi humfikia zikiwa zimechelewa zaidi kuliko zangu.

Nakunakilia hatua zake. Porojo na mizaha aliyoijaza pembeni nimeiacha, kwani haina faida kwa mchambuzi. Maandishi nimeyasafisha pia: penye koma nimeweka koma, na herufi iliyojirudia kwa haraka ya mkono nimeiondoa. Unajua kwamba katika miaka yote niliyowaandikia majirani maombi yao kwenda ofisini, hakuna hata moja lililorudishwa kwa sababu ya maandishi. Nazibrola hunicheka: "Wewe Noshrevan, ukiishiwa mkate utamwandikia 'Mheshimiwa Mwokaji'!" Na acheke.

Jumber anacheza vipande vyeupe. Kobe wake, mwenda mshazari, amemla askari wa h7 na kumtisha mfalme. Mfalme amemla kobe. Mpanda farasi mweupe g5, anatisha tena. Mfalme ametoka nje, g6. Waziri mweupe g4. Askari mweusi f5. Waziri g3. Jibu la mwisho la kapteni: Mf6.

Je, afanye nini? Nakuomba, Makvala, kwa lugha isiyo ya ofisini: mrudishe nyumbani.

Ni mimi, mjomba wako,
Noshrevan

—

Tbilisi, 13 Machi 1983

Kwa Mjomba wangu ninayemheshimu, Noshrevan,

Shikamoo, na kwa mkaza mjomba pia. Mama anakusalimu na kukutaarifu kwamba dawa anazinywa. Nimeyachunguza maneno yake chini ya mto na nimeyaona kuwa ya kweli. Watoto wa darasa langu la sataranji wamewashinda wale wa mtaa wa pili, na mmoja wao ameng'oka jino juu ya ubao kwa furaha.

Barua yako niliipata juzi asubuhi, na sikutoka nyumbani kwa siku mbili. Naomba nikueleze nilichokiona, ili ujue kwamba sikujibu kwa kukisia.

Kumtoa kobe kafara penye h7 ni jambo la zamani, na wengi wamejiua kwalo. Anayetoa kafara hiyo hununua kitu kimoja tu: mfalme wa adui anatoka ndani ya boma lake, bila kofia, bila viatu. Lakini bidhaa hiyo huoza haraka. Usipomkamata katika hatua chache, atarudi ndani, na wewe utabaki na kobe pungufu mpaka kiama. Jumber amecheza kwa moyo mkubwa, wala hajakosea popote. Mfalme wa kapteni amesimama g6 katikati ya uwanja, na waziri wetu anamtazama kutoka g3.

Sasa, kapteni amejibu Mf6, maana yake amemleta mpanda farasi wake f6 kumlinda mfalme. Ni jibu la mtu anayejua. Mpanda farasi huyo anaifunga njia ya h7, ambayo ningeitamani kuliko zote. Nilijaribu kumla askari wa e6; shambulio linakwisha nguvu. Nilijaribu kuleta gari la vita kutoka pembeni hadi e1. Adui anapata pumzi. Usiku wa pili nikaona: askari wa pembeni, h4. Ni hatua ya kimya. Haimtishi mtu. Lakini inayofuata ni h5, na mfalme aliye g6 hana pa kukimbilia, kwa sababu mpanda farasi wake mwenyewe amekalia f6, tundu pekee ambalo angelipitia. Mlinzi ndiye anayemfungia mlango.

Mwambie Jumber acheze h4 na asiogope ukimya wake. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukuambia. Kapteni akijibu vyovyote, anafungwa.

Mkaza mjomba aanze kutengeneza jibini.

Mpwa wako mtiifu,
Makvala

—

Chiatura, 30 Aprili 1983

Kwa mpwa wangu Makvala,

Salamu. Natumaini mama yako hajambo. Sisi hatujambo kwa maana ya kwamba tunaamka.

Ushauri wako niliupeleka kwa simu ya maandishi siku ile ile nilipoupokea, kwa maneno kamili, ingawa karani wa posta alisema, "Mzee, 'askari h4' peke yake inatosha, kwa nini unaongeza 'tafadhali cheza'?" Nilimjibu kwamba mwanangu hapokei amri kutoka kwangu bali maombi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nikisubiri kuwa na jambo la kukuandikia. Sasa ninalo. Nakunukulia barua ya Jumber, iliyoandikwa kwa penseli:

"Baba, mambo yamekwenda kombo kidogo. Usimwambie mama hii sehemu. Kapteni aliporudi akafunua karai, akasema, 'Haya Mgeorgia, tuone simu yako ya siri ilikuwa na akili gani.' Nikasukuma askari h4. Basi alicheka mpaka kofia ikamdondoka! 'We kijana umelala? Au baba yako ndiye aliyekuchezea?' Mfalme wake akaondoka e7, polepole, kama mtu anayetoka sokoni na kapu lake. Huyoo, kaingia ndani. Mimi nimebaki na uwanja mtupu. Nilikuwa nimeiona h7, baba, mpanda farasi wangu h7, niliwaandikia pembeni. Anamkanyaga mfalme na gari kwa mguu mmoja! Lakini Makvala akisema h4, mimi nani? Yeye huona mbali. Labda kuna kitu ambacho mimi sikukielewa nikakiharibu baadaye. Mwambie asijilaumu, tena mwambie akioa mtu kabla sijarudi nitakasirika, aningoje nimchagulie mimi. Mkoba nimeshafunga."

Alikosea: mwanamke haoi, huolewa. Nimeliacha kosa hilo kama lilivyo.

Wamevuka tarehe ishirini na moja.

Sina la kukuuliza. Wewe ni bingwa, mimi ni mpima mawe wa mgodini. Lakini naomba unieleze, kama mtu anavyoeleza kwa maandishi: tundu lile ulilosema limezibwa, mfalme alipitaje?

Noshrevan

—

Tbilisi, 9 Mei 1983

Kwa Mjomba wangu ninayemheshimu,

Shikamoo. Sitapanga salamu, nisamehe. Mama anajua kwamba wamevuka, na amelala.

Nimeupanga mchezo upya, na nakuapia kwamba mfalme aliye g6 hawezi kufika e7 kwa hatua moja. Mfalme hutembea mraba mmoja tu. Ili aende e7, sharti awe alikuwa tayari f6. Na kama mfalme ndiye aliyekuwa f6, basi mpanda farasi hakuwako hapo. Na kama hakuwako, h7 ilikuwa wazi, na Jumber aliona sawasawa. Hatua moja tu, mjomba, naye angekuwa mezani kwenu.

Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja. Nitumie barua yake yenyewe, ile ya mwanzo, si nakala. Katika uandishi wetu wa sataranji, M peke yake ni mpanda farasi, na mfalme huandikwa Mf ili wawili hao wasichanganywe. Huenda kapteni alimwonyesha vibaya. Huenda Jumber aliandika gizani. Nataka kuona tu.

Na mkipata neno lolote kutoka kusini, nakusihi unijulishe kwa simu, nami nitalipia huku.

Makvala

—

Chiatura, 21 Juni 1983

Kwa Makvala,

Neno kutoka kusini limefika tarehe kumi na mbili. Nilizuia lisitangazwe Tbilisi mpaka kazi ya maziko ikamilike, kwa ajili ya moyo wa dada yangu.

Waliotuletea sanduku lake ni askari wawili wenye umri wa Jumber. Sanduku ni la bati, limechomelewa pande zote, na wana karatasi isemayo lisifunguliwe. Gari la kamba la kupandia genge letu, kama ujuavyo, ni dogo. Sanduku liliingia kwa mshazari, mlango haukufunga. Mmoja wao aliushikilia kwa mkono njia nzima huku tunaning'inia juu ya bonde, nami nilikaa sakafuni kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Kijana aliniambia, "Mzee, usitazame chini." Nikamwambia, "Nitazame wapi, mwanangu?" Aliendelea kushika mlango.

Nazibrola aligonga bati kwa kidole na kusema, "Jumber, uko humo wewe? Jibu basi. Mbona mkaidi hivi?" Aligonga mpaka majirani walipomwondoa. Tangu siku hiyo hanicheki tena kwa jambo lolote.

Nimeandika maombi manne ili tuoneshwe uso wake. Yote yamejibiwa kwa adabu.

Swali lako juu ya herufi sikulisoma mara ya pili. Barua yake ya mwanzo ni hii ndani ya bahasha. Sijaifungua tangu niliponakili, na sina macho ya kuifungua sasa. Isome mwenyewe. Kama kuna sababu, nataka kuijua. Silali, Makvala. Nikijua ni nani, huenda nitalala.

Noshrevan

—

Tbilisi, 2 Julai 1983

Kwa Mjomba wangu Noshrevan na mkaza mjomba Nazibrola,

Sina maneno ya kuwafaa, wala sitayatafuta, kwa sababu ninyi mlinifundisha kwamba maneno ya msiba yakipambwa huwa matusi. Jumber alikuwa mdogo wangu. Nilimshika mkono akisukuma askari wake wa kwanza, na mkono ulikuwa umejaa asali.

Mjomba, umeniuliza ni nani. Nakujibu.

Nimeisoma barua yake. Nakala uliyoniletea ilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Jumber aliandika vyema, wewe ulinakili vyema. Kosa lilikuwa langu juu ya ubao. Nilimweka mpanda farasi f6 kwa uzembe wangu, kwa kuwa nilipenda mpango wangu wa h4, na mchezaji akiupenda mpango wake huacha kuona vipande. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeona. Niliulizwa swali moja katika maisha yangu lililokuwa na maana, nami nilijibu vibaya.

Usimtafute mwingine. Ni mimi.

Nakuomba ulale, mjomba.

Makvala

—

Chiatura, 10 Julai 1983

KWA: Mwananchi Makvala, mwalimu wa sataranji, Tbilisi
YAH: KUKATWA KWA MAWASILIANO

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 2 Julai, ambayo imepokelewa na kueleweka.

Nachukua nafasi hii kukufahamisha yafuatayo. Kwamba maelezo yako yamekubaliwa kama yalivyotolewa. Kwamba katika karamu ya arobaini ya marehemu Jumber, hutawekewa kiti, wala hutatajwa na atakayeshika kikombe cha kumbukumbu, na ukifika utarudishwa kwa gari lile lile la kamba. Kwamba mama yako anaruhusiwa kuja, kwa kuwa yeye ni dada yangu na hakukosa.

Unatakiwa kuirejesha barua ya marehemu uliyokabidhiwa, ambayo ni mali ya mama yake. Mkuu wa shule aliyomaliza Jumber, ambaye anaujua mchezo huo, ameomba kuisoma mbele ya wageni siku ya arobaini.

Baada ya hapo, barua yoyote itakayotoka kwako itarudishwa bila kufunguliwa. Unajua kwamba nikiandika neno silitengui.

Mkaza mjomba wako (neno hili nimeliandika kwa mazoea) ameniambia nikuandikie kwamba anakusamehe. Nakufikishia kwa sababu niliagizwa. Mimi sijakusamehe, ila nimeanza kulala, na kwa hilo peke yake nakushukuru.

Wako katika utaratibu,
N. Kereselidze

—

Tbilisi, 17 Julai 1983

Kwa Mjomba wangu,

Barua ya Jumber sitairejesha. Ukiulizwa na mkuu wa shule, sema niliipoteza. Nimekuwa mtu wa kuaminiwa kwa uzembe, atasadiki.

Nimeketi mbele ya karatasi hii nikijua kwamba hutaifungua. Hujawahi kulitengua neno lako, tangu nikiwa mtoto, hata pale ambapo sote tulitamani ulitengue. Kwa hiyo bahasha hii itapanda genge, itashuka genge, na kurudi mikononi mwangu ikiwa imefungwa kama sanduku lile. Ndiyo sababu naweza kuandika. Mtu hawezi kulibeba jambo kama hili bila kulitamka walau mara moja, na sina wa kumtamkia: mama ni dada yako, na wengine wote ni watu baki.

Jumber aliandika Mff6. Mfalme, Mf, kisha f6. F mbili, mjomba, zimesimama bega kwa bega, safi kabisa, hazikutetemeka. Hakukosea. Aliandika kama nilivyomfundisha. Ulidhani herufi imejirudia ukaiondoa moja, na mfalme akageuka mpanda farasi. Uliniambia mwenyewe katika barua yako ya kwanza kwamba umeondoa herufi, nami niliyapita maneno hayo kama mtu anavyopita salamu. Pembeni, palipo na porojo ulizoziacha, ameandika: "Mimi naona mpanda farasi h7, anakula vyote! Makvala nithibitishie tu." Ilinipasa kuthibitisha tu.

Siwezi kukuambia haya. Ulipenda kuandika vizuri, na uliandika vizuri kwa ajili yake. Ukijua, hutashika kalamu tena, na sijui mtu kama wewe bila kalamu atashika nini. Afadhali uwe na mtu wa kumchukia aliye mbali, kuliko kuamka naye kila asubuhi ndani ya ngozi yako mwenyewe. Mimi ni kijana kuliko wewe. Nitaweza.

Bahasha hii ikirudi nitaichoma pamoja na ya Jumber, na itakuwa kana kwamba hakuna aliyeandika lolote.

Mpwa wako, hata ukikataa,
Makvala

—

Tbilisi, 29 Agosti 1983

Mjomba,

Mama amerudi kutoka arobaini; alibaki huko mwezi mzima na mkaza mjomba. Anasema karamu ilikwenda kwa utaratibu, kwamba ulisimama mlangoni na kumpokea kila mgeni kwa jina lake kamili, na kwamba mkuu wa shule alipotaka kusema neno juu ya mchezo ule ulimwomba aketi. Nilimuuliza kama ulinitaja. Akasema hapana. Nilimuuliza kama ulikuwa unaandika chochote, ombi la jirani, chochote. Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Mbona amezigawa kalamu zake? Kamgawia mtoto wa jirani zote, na kile kidau cha wino."

Kila siku nashuka kwa mtu wa posta kabla hajapanda ngazi. Jana aliniambia, "Dada, hicho unachongoja hakijafika, na kikifika nitakuletea mwenyewe, acha kunisubiri kwenye baridi." Hakuna baridi. Ni Agosti.

Barua yangu ya tarehe kumi na saba Julai haijarudi.

Mjomba wangu, sijawahi kukuandikia ombi rasmi. Nakuomba sasa, kwa heshima zote, kama inavyostahili ofisi kubwa. Irudishe. Kama hukuifungua, irudishe. Na kama uliifungua, irudishe hata hivyo, nami nitaamini kwamba hukuifungua.

Makvala